Mdogo wangu ananidai saa nane za muziki nisiouelewa

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu, nina kibanda changu karibu na soko la Kibuye. Nimeolewa, nina watoto wawili, na tangu wazazi wetu watutoke ninaishi na mdogo wangu wa kiume. Nimemlipia karo mpaka akamaliza kidato cha nne, nikamtafutia kibarua kwenye saiba moja kule Kondele, na hatujawahi kukosana kwa jambo la maana. Ni kijana mtulivu. Hanywi, wala halali nje.

Tatizo letu ni muziki. Akitoka kazini anajifungia na laptopu kuukuu, anatengeneza kile anachokiita muziki wa kielektroniki wa majaribio. Mimi napenda nyimbo, Mwalimu. Nimekulia kwenye benga na ohangla, na Jumapili naimba kwaya kanisani. Ninachosikia mlangoni kwake ni mikwaruzo, chuma kinaburutwa, halafu kimya, halafu kishindo, halafu kimya tena.

Mwezi uliopita aliniomba shilingi 18,000 anunue kadi ya sauti. Nikamuuliza ni ya kufanyia nini. Akasema hawezi kunieleza kwa maneno, akachukua simu yangu akaniwekea albamu ya Waingereza wawili wanaojiita Autechre. Albamu yenyewe ni NTS Sessions. Akaniambia, "Dada, isikilize yote kwanza. Ukimaliza utanielewa, ndipo nikuchezee ya kwangu." Kumbe ina urefu wa saa nane! Hiyo ni siku nzima ya kazi. Na nilipofungua nikakuta vipande vinaitwa t1a1, bqbqbq na kadhalika, nikadhani faili ziliharibika wakati wa kuzihamisha.

Nimejaribu, Mungu ni shahidi. Jioni moja niliicheza nikipika, sauti juu kabisa ili ishinde vurugu za jikoni. Ngoma zinaanza kama zitashika mwendo, lakini ukitaka tu kutikisa kichwa zinakuponyoka. Kabla ugali haujaiva kichwa kilikuwa kinaniuma. Siku nyingine nikavaa spika za masikioni kitandani, usingizi ukanichukua. Kifungua mimba wangu aliniuliza kama simu imeingia maji. Baba watoto yeye anasema kijana ameanza kuvuta kitu, na muziki huo ndio ushahidi.

Kila asubuhi mdogo wangu ananiuliza, "Dada, umefika wapi?" Nimefikiria nimwambie tu kwamba nimemaliza na ni tamu, yaishe. Lakini ananijua, atagundua. Juzi hata nilimkuta kibandani ameinama, ameweka simu chini ya cherehani yangu anarekodi nikishona. Nikamwondoa kwa sababu mteja alikuwa anangoja suruali yake.

Naomba uniambie ukweli. Huo ni muziki? Ni lazima nimalize saa nane? Nikishindwa, nimwambie nini nisimvunje moyo? Na hizo pesa, nitoe au nisitoe?

Dada Mkubwa, Kisumu

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hizo saa nane kwa kuwa ndizo zinazokubana. Huna deni la kuzimaliza, na sababu ninayokupa imo ndani ya kazi yenyewe. NTS ni redio ya mtandaoni yenye makao London. Mwezi wa Aprili 2018 iliwapa hao mabwana wawili, Rob Brown na Sean Booth, saa mbili hewani kila wiki kwa wiki nne. Wapenzi wao wa kwanza kabisa walisikia robo ya kazi, wakarudi kwenye shughuli zao wiki nzima, ndipo wakapata robo ya pili. Zote nne zilikuja kutolewa pamoja baadaye, na kwa wanaopenda santuri zikajaza sahani 12. Kwa hiyo mdogo wako anakudai kitu ambacho wenye kazi hawakumdai msikilizaji wao. Mwambie hivyo kwa upole. Huenda yeye mwenyewe aliipata ikiwa faili moja kubwa akadhani ndivyo inavyopaswa kumezwa.

Kuumwa na kichwa nako kuna chanzo chake, na nina hakika si ujinga wako wa muziki. Spika ya simu ni ndogo mno, haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito. Ukicheza benga kwa simu hutambui hasara hiyo, kwa sababu gitaa la besi unalijua tangu utotoni na sikio linakujazia lenyewe. Huu muziki hujawahi kuusikia popote, sikio halina cha kujazia. Besi yote imebaki nje, wewe umepewa mikwaruzo ya juu peke yake, tena kwa sauti ya mwisho, tena juu ya sufuria na watoto. Nani asingeumwa? Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki, na watoto wapunguziwe zaidi, desibeli 75. Anayeshinda kando ya cherehani soko likimzunguka amekwisha tumia sehemu ya mgao huo kabla hajafika nyumbani. Usiongeze sauti kushinda kelele. Ngoja kelele iishe, au uache siku hiyo ipite.

Sasa jinsi ya kuisikiliza. Nitakushauri kitu ambacho mdogo wako anaweza kukikataa: anza mwishoni. Kipande cha kufunga albamu nzima kinaitwa "all end" na kina karibu saa nzima, dakika 58 hivi. Hakina ngoma hata moja ya kukuponyoka. Ni sauti moja pana, nyingi ndani ya moja, inayokwenda polepole kiasi kwamba ukiitazamia ibadilike hubahatiki kuiona ikibadilika, na ukigeuka kidogo ukarudi unaikuta iko kwingine. Omba spika za masikioni zilizo nzuri kuliko zako. Chagua saa ambayo watoto wako nje. Kaa, usilale, maana ukilala utasinzia kama ulivyosinzia. Weka dakika 20 tu.

Katika hizo dakika 20 usitafute wimbo, haumo. Tafuta sauti iliyo chini kabisa, ile nzito, uifuate yenyewe peke yake. Mawazo yakienda kwenye oda za wateja, na yatakwenda, yarudishe kwenye ile sauti ya chini. Baadaye kidogo iache, uende kwenye sauti iliyo juu kabisa uone kama inasogea au imesimama.

Kazi hii wewe unaifanya kila siku, sema hujaiita kusikiliza. Fundi wa miaka mingi haangalii cherehani kila dakika, anaisikia. Uzi wa chini ukikaribia kwisha kwenye bobini, mlio unakuwa mwepesi. Mkanda ukilegea, gurudumu linaanza kuvuta pumzi kwa kuchelewa. Sindano ikipinda kidogo ikawa inagusa bamba, unakanyaga breki kabla jicho halijaona mshono ulioruka. Hujiulizi kama mlio ni mtamu, unafuata kinachotokea ndani yake. Sikio hilohilo ndilo ninalotaka ulivae kwa "all end". Naliamini kuliko la wengi wanaojiita wajuzi.

Ukishafanya hivyo mara kadhaa, kwa siku tofauti, ndipo urudi kwa ile t1a1 iliyokutisha. Hapo chukua dakika tatu za kwanza tu, uzicheze, uzirudie papo hapo, na uzirudie tena. Mara ya kwanza utasikia fujo. Mara ya pili utaanza kutarajia jambo fulani litokee mahali fulani. Nimefundisha kwaya za shule muda mrefu, na kila mwaka wa mashindano ya muziki ilikuwa vilevile: wimbo wa lazima ukitoka kwa mtunzi wa mbali, wiki ya kwanza watoto wanauchukia, wanauimba kama adhabu. Sikuwahi kuwahubiria. Niliwarudishia tu ukurasa wa kwanza mpaka koo zao zikaanza kufika kwenye noti kabla yangu. Uzuri wa wimbo walijadili wenyewe baadaye, na wengine walibaki wakiuchukia, sawa kabisa.

Uliandika kwamba ngoma zinaanza kama zitashika mwendo halafu zinakuponyoka. Mwanangu, hapo umesikia sawasawa. Hao wawili ni vijana wa Rochdale, mji wa viwanda karibu na Manchester, waliokua na hip hop na kubadilishana kanda, wakaanza kutunga pamoja mwaka 1987. Hawakutoka chuo cha muziki wakitaka kutusumbua sisi wanakwaya. Mwendo wa ngoma wanaujua vizuri sana, ndiyo maana wanajua kuuvunja. Kwa miaka mingi wamejijengea mitambo yao wenyewe ndani ya kompyuta, kwa programu iitwayo Max. Wanaipa kanuni, wanaiacha iende, wanaiongoza ikiwa njiani. Mpigo mmoja unasogea kidogo, wa pili unaongezwa, wa tatu unakosekana. Kinachokuponyoka ndicho walichokitunga.

Na kuna kisa kimoja cha hao hao ambacho ningependa umsimulie baba watoto. Mwaka 1994 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowapa polisi nguvu ya kuvunja mikesha ya muziki ya watu 100 au zaidi kwenye maeneo ya wazi. Katika sheria hiyo waliandika kabisa kwamba muziki unaolengwa ni ule wenye mfululizo wa mipigo inayojirudia. Autechre walitoa santuri ya kuipinga, Anti EP, ikiwa bado ni mswada. Kipande chake kimoja, "Flutter", walikitunga hivi kwamba hakuna bari moja ya ngoma, yaani kipimo kimoja cha mipigo, inayofanana na nyingine, ili kichezwe bila kuvunja sheria, na kwenye jalada wakawashauri wachezaji wa santuri wawe na wakili na mtaalamu wa muziki pembeni polisi wakija. Anayeona ngoma zisizotulia akafikiri ni akili iliyovurugika, ajue pia kwamba watu walikaa chini wakahesabu bari kwa bari ili mpigo usijirudie.

Unaniuliza kama huo ni muziki. Ndiyo, na nakujibu bila kusita.

Wala mizizi yake si ya Ulaya peke yake kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1944 jijini Cairo, kijana wa Kimisri aitwaye Halim El-Dabh alibeba kinasa sauti cha waya, maana kanda za sumaku zilikuwa bado hazijaenea, akaenda kurekodi zaar, ngoma ya akina mama ya kutuliza pepo. Watu wa pwani yetu wataifahamu mara moja. Akaichukua sauti hiyo studioni kwenye kituo cha redio, akaondoa baadhi ya sauti, akaongeza mwangwi, mpaka kikabaki kitu ambacho hakuna mama yeyote wa zaar aliyewahi kukiimba na bado ni sauti zao. Miaka minne baadaye, 1948, Mfaransa Pierre Schaeffer akarekodi treni mjini Paris, akakata na kupanga magurudumu, breki na mivuke ya garimoshi, ikachezwa redioni kama utunzi kamili. Albamu uliyopewa ina nasaba hiyo nyuma yake.

Karibu nasi wapo pia. Nairobi imetuletea KMRU, kijana anayeitwa Joseph Kamaru kama babu yake, yule mwanamuziki mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki 2018. Albamu yake Peel ya mwaka 2020 ilitolewa na Editions Mego, kampuni ya muziki wa aina hii. Inakaribia dakika 75, ina sauti za mahali alizorekodi mwenyewe zikiyeyushwa ndani ya milio mirefu. Ningekuwa mimi ndiye mdogo wako, ningekupa hiyo kwanza kabla ya saa nane za Waingereza. Na Kampala, basi la usiku tu kutoka kwako, kuna Nyege Nyege Tapes wanaotoa muziki wa majaribio wa Afrika Mashariki na kuupeleka duniani. Mdogo wako anayejifungia chumbani Kisumu ana wenzake, hata kama hajakutana nao.

Urefu nao usikutishe wewe wa kutoka Nyanza. Mpiga nyatiti kwenye matanga hakuwa akipiga dakika tatu akashuka. Aliketi chini, akafunga njuga mguuni, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akawa anagonga mti wa ala yake kwa mpigo uleule mpaka usiku unapinduka, nyuzi nane tu, na waliokuwepo hawakulalamika kwamba wimbo haujafika kiitikio. Walikuwa wakiingia na kutoka. Walikwenda kuangalia ng'ombe, wakarudi, wakakuta nyatiti imesogea. Muziki mrefu una ruhusa ya kutokuwepo ndani yake. Jiruhusu hivyo hivyo.

Sasa nije kwa jambo ulilolitupia mstari mmoja karibu na mwisho wa barua yako, ukaharakisha kwa sababu ya suruali ya mteja. Mdogo wako alikuwa ameweka simu chini ya cherehani yako. Alikuwa anafanya kazi ile ile ya El-Dabh na Schaeffer. Amekulia kando ya mlio huo, ndio uliomlipia karo, na sasa anautaka uwe ndani ya utunzi wake. Mimi naona hapo ndipo penye jibu la swali lako la "ya kufanyia nini" ambalo alishindwa kulijibu kwa maneno. Akirudi kibandani na simu, mwambie angoje mteja aondoke, kisha umfungulie mlango kabisa: mshonee kitambaa chembamba, halafu cha jinzi, halafu endesha mashine bila kitambaa. Milio mitatu tofauti. Mwonyeshe mahali pazuri pa kuweka simu, mbali na kanyagio lisije likaipiga. Mambo hayo wewe unayajua kuliko yeye.

Kumdanganya usithubutu. Wewe mwenyewe umesema anakujua, atagundua, na utakuwa umempotezea msikilizaji wa kwanza aliyewahi kumtafuta. Mtunzi kijana akisifiwa na mtu ambaye hakusikiliza hana pa kwenda na sifa hiyo. Anachoweza kukitumia ni habari: ulisikia nini, wapi, na ulijisikiaje hapo. Unaweza kumwambia hivi, "Nimesikiliza dakika 20 za kipande cha mwisho. Chini kulikuwa na sauti nzito iliyonifanya nitulie. Katikati nilichoka. Cha kwanza nimekirudia mara tatu na bado sikipendi, ila nimesikia pale kile kigongo kinapochelewa." Sentensi hizo zina thamani kuliko "ni tamu". Kama utamwambia hupendi, mwambie hupendi nini. Mimi mwenyewe kuna sehemu za katikati za albamu hiyo ninazoona zimevutwa kupita kiasi, ningezipunguza bila huruma, na nikimwambia mtu hivyo namtajia kipande.

Kwa baba watoto sitasema mengi. Kijana anayekwenda kazini kila siku, anayekula na wenzake na kulala kwa wakati, asihukumiwe kwa mlio unaotoka chini ya mlango. Kama kuna dalili nyingine, mzungumze naye juu ya dalili hizo wazi, mezani, muziki ukiwa kando. Muziki peke yake si ushahidi wa chochote. Ningefurahi pia kama baba watoto angekuwepo siku kijana atakapocheza kazi yake.

Na siku hiyo muipange kweli. Kibanda kikifungwa Jumapili mchana, aje na laptopu na spika yenye besi, hata ya kukodi au ya kuazima kanisani. Asianze na maelezo. Acheze kwanza, wote mkae, halafu kila mmoja aseme alichosikia, hata watoto. Huyo wako aliyeuliza kama simu imeingia maji ana sikio, mpe nafasi ya kwanza.

Zimebaki pesa. Usitoe 18,000 sasa, na sababu utakayompa iwe ya kiufundi ili asidhani umeukataa muziki wake. Kadi ya sauti ya nje inafaa pale mtu ana maikrofoni nzuri au ala ya kuichomeka. Yeye anarekodi kwa simu na kupanga ndani ya laptopu, kadi hiyo itakaa mezani bila kazi kubwa. Kinachomkwamisha sasa, kwa nilivyokusoma, ni kusikia anachokitengeneza. Spika za masikioni za waya, zile kubwa zinazofunika sikio zima, zitambadilishia kazi yake leo hii kwa sehemu ndogo ya pesa hizo, na zitalinda usingizi wa nyumba yako pia. Hizo mnunulie.

Programu nayo haihitaji hela. Max inalipiwa, lakini Miller Puckette, aliyeianzisha akifanya kazi kwenye taasisi ya utafiti wa muziki ya IRCAM jijini Paris miaka ya themanini, baadaye alikuja kuandika nyingine ya ukoo huo huo iitwayo Pure Data na kuiacha iwe ya bure kwa kila mtu. Ni nyepesi, laptopu kuukuu inaiweza. Mule ndani mtu anaunganisha visanduku kwa nyaya za kuchora, huku anaingiza sauti ya cherehani, kule inatoka imekatwa vipande na kupangwa upya. Kama bado haijui, bando la siku moja linatosha kuipakua pamoja na mifano yake. Kwa kukata na kusafisha rekodi za simu kuna Audacity, nayo ni ya bure.

Mpe miezi kadhaa afanye kazi na hivyo vitu. Kadi ya sauti ingoje mpaka awe na maikrofoni ya kuichomeka, na mkifika hapo niandikieni mniambie ni maikrofoni ya aina gani, maana bei ya kadi itategemea hiyo.

Mwalimu